Kompyuta ya nyumbani inastaki? Kabla hujanunua RAM wala kupiga windo upya (kufuta na kuweka Windows nyingine), angalia kwanza nini kinakula memori

#1 – Mwenye uzi, Sakina, Arusha

Wakuu habari za jioni, poleni na hili baridi la mwezi wa saba, huku kwetu Sakina siku ya tatu leo Mlima Meru hauonekani.

Naandika huu uzi maana nimeteseka na kompyuta ya nyumbani karibu mwaka mzima, nimeambiwa mambo mengi na mengine hayakuwa kweli kabisa, na najua humu kuna watu wako palepale nilipokuwa. Ni desktopu ya mtumba, RAM 4GB, hadi diski (hard disk) ya 500GB, Windows 10. Mama watoto anafanyia kazi za utalii nyumbani, anapanga safari za wageni na kuwatumia bei, kwahiyo kutwa yuko kwenye Gmail, WhatsApp ya kwenye brauza, Excel ya mahesabu ya malazi na viingilio vya hifadhi, alafu kurasa za lodji na kambi thelathini na kitu zote ziko wazi. Jioni mtoto wa darasa la sita naye anaingia na masomo yake. Asubuhi mashine inaenda vizuri tu, ikifika saa tisa mchana inastaki, unaandika neno herufi zinakuja baadaye moja moja, taa ya diski inawaka haipumziki. Mara mbili mgeni kachelewa kujibiwa akaenda kwa wengine, na hiyo kwetu ni ada ya shule imepita mlangoni.

Fundi wa kwanza akapiga windo upya, ikawa nyepesi wiki mbili ikarudi kulekule. Wa pili akaniwekea programu ya kusafisha RAM, ile ukibonyeza kitufe inakuambia imeokoa GB moja na nusu. Wa tatu akasema hii tupa, nunua nyingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua kuangalia nini kinakula. Ndio nikaamua kukaa nayo mwenyewe kila jioni na daftari.

Nianze na RAM yenyewe maana bila kuielewa utadanganywa. Nenda Soko la Kilombero umwangalie mama anayeuza vyombo, ana meza yake ndogo na stoo iko mtaa wa pili. Kilichopo mezani anakupa hapo hapo. Kisichopo anamtuma kijana stoo, na kama meza imejaa, kijana anaondoka na kitu cha mezani kwanza ili kinacholetwa kipate pa kukaa. Meza ndio RAM, stoo ndio diski. Sasa meza kujaa sio ugonjwa hata kidogo, muuzaji gani anataka meza tupu? Ugonjwa ni pale kila mteja anayekuja anataka kitu cha stoo, kijana anashinda njiani na mama kasimama hana cha kuuza.

Na hiyo njia ya stoo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ikitaka kitu kilichopo kwenye RAM inakipata ndani ya nanosekunde kama 100 hivi. Hadi diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kama 10, yaani mara laki moja zaidi. Tuseme kuokota mezani ni sekunde moja, basi kwenda kwenye hadi diski ni sekunde laki moja, zaidi ya saa 27, ni kama umepanda basi Arusha mpaka Dar ukageuza ukarudi. SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya kawaida inachukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa mfano wetu ni dakika 17 hivi, bodaboda ya Kijenge na kurudi. Bado sio mezani, lakini sio Dar.

Kompyuta inakata memori vipande vidogo vya KB 4, kwahiyo 4GB ni vipande 1,048,576. Pakibana, Windows inaangalia vipande ambavyo havijaguswa muda mrefu, kwanza inavibana viwe vidogo (Windows 10 imekuwa ikifanya hivi tangu 2015), vikizidi inavipeleka kwenye diski ndani ya faili linaitwa pagefile.sys. Hili wazo la kutumia stoo kama sehemu ya meza ni la zamani, kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa inalifanya mwaka 1962. Alafu 1968 Mmarekani Peter Denning akaeleza kitu ambacho kilinifungua macho: kila programu ina fungu lake la vipande inavyovihitaji kwa wakati ule, mafungu yote yakienea kwenye RAM kazi inaenda vizuri, yakizidi hata kidogo mashine haipungui mwendo taratibu, inaanguka ghafla kwasababu muda wote inaleta na kupeleka tu. Ndio saa tisa yetu hiyo. Mama watoto hakuwa anafanya kitu kipya saa tisa, alikuwa amefungua ukurasa mmoja uliovusha mpaka.

Sasa namba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, nenda sehemu ya Performance alafu Memory. Kila mtu anaangalia asilimia ya juu pale, 85%, 90%, anashtuka. Hiyo peke yake haitoshi, maana inaonyesha RAM inayotumika sasa tu, haikuambii ni vipande vingapi vimeshapelekwa diski. (Tangu Vista ya 2007 Windows inaitumia RAM iliyolala kutunza mafaili inayohisi utayahitaji, lakini hayo hayahesabiwi kwenye hiyo asilimia, na programu ikiomba nafasi inayaachia hapo hapo.) Wewe angalia palipoandikwa Committed. Zipo namba mbili, ya kushoto ni memori yote ambayo programu zimeahidiwa, ya kulia ni mwisho wa ahadi, yaani RAM ukijumlisha na ile pagefile. Alafu rudi uangalie diski.

Kwangu usiku mmoja nilimwomba mama watoto asifunge chochote. Committed ilisoma 7.4 kwa 9.1, na RAM yangu ni 4! Diski ilikuwa 100% lakini inasoma MB 1.6 tu kwa sekunde. Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa, inakuwaje imejaa na inasoma kidogo hivyo? Ni kwasababu inaruka huku na kule kuokota vipande vidogo, hadi diski haiwezi kuokota sehemu tofauti zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. Ukiona diski 100% na kasi ya MB moja au mbili, ujue kijana anashinda njiani.

Nikaanza kufunga kimoja kimoja na kuandika Committed imeshuka kiasi gani. Brauza na kurasa zake 34 ilikuwa imebeba GB 2.3. Programu ya mikutano ya video aliyoitumia siku moja tu mwaka jana ilikuwa inajiwasha yenyewe kila siku, karibu MB 400. Antivairasi mbili, moja ya Windows yenyewe na nyingine fundi aliweka. Programu ya printa ambayo kazi yake kutangaza wino. Na ile ya kusafisha RAM yenyewe ilikuwa inakula MB 150.

Hiyo ya kusafisha naomba niiseme vizuri maana watu wengi wanayo. Kinachofanyika ukibonyeza kitufe ni kuzilazimisha programu ziachie vipande vyao, namba inashuka unafurahi, dakika inayofuata Excel inavitaka tena vipande vilevile na vingine vishafika diski. Ni kama mtu kakusanya bidhaa zote mezani kwa mama kazipeleka stoo saa nne asubuhi soko limechanganya, alafu anajisifu meza safi.

Nilichofanya: nimezima vyote vinavyojiwasha kwenye sehemu ya Startup hukohuko Task Manager, nimetoa antivairasi ya pili, nimetoa kisafishaji. Kwenye Chrome kuna mipangilio ya utendaji yenye swichi ya kuokoa memori, ilikuja Desemba 2022, ukurasa usioutumia unalazwa na ukiurudia unafunguka upya. Gmail na WhatsApp nimeziweka kwenye orodha ya zisizolazwa ili ujumbe wa mgeni usipotee. Kurasa za lodji tumezihifadhi kwenye folda ya alamisho, anafungua anayoihitaji. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc utaona kila ukurasa na kila kiongezo (extension) kinakula ngapi, kuna kiongezo cha kutafsiri tulikisahau kilikuwa kinakula kuliko Gmail.

Na sio kwamba Chrome imetengenezwa vibaya. Tangu 2008 ilipotoka kila ukurasa unapewa chumba chake ili mmoja ukianguka usiangushe mingine, na 2018 baada ya ule udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre wakatenganisha zaidi tovuti na tovuti, Google wenyewe walisema inaongeza memori kama asilimia 10 mpaka 13. Unalipia usalama wa benki yako hapo.

Cha mwisho, wengi hamkijui: kuzima sio kuzima. Tangu Windows 8 ukibonyeza Shut down inahifadhi moyo wa mfumo kwenye diski na kesho inaurudisha ulivyokuwa na uchafu wake. Angalia sehemu ya CPU palipoandikwa Up time, yangu ilisoma siku 23 wakati tunaizima kila usiku mpaka swichi ya ukutani. Inayosafisha kweli ni Restart.

Baada ya yote hayo Committed saa tisa mchana imekuwa 4.2, diski inacheza chini ya 10%. Mpaka hapo sikuwa nimetoa hata shilingi. Karibuni kwa maswali, leteni namba zenu tuangalie pamoja.

#2 – Mchangiaji, Moshi

Mangi ubarikiwe sana kwa hili somo. Mimi ni mwalimu huku Moshi, nina laptopu naandalia mitihani na ripoti za wanafunzi. Ilikuwa na RAM 4 nikaambiwa ongeza, nikaongeza nyingine 4 ikawa 8, nimefunga nikaona imesoma 8 nikafurahi, lakini mwendo ni uleule wala sioni tofauti hata chembe. Na sifungui kurasa nyingi, ni Word na labda kurasa tano. Nimefanya yote uliyosema, imepungua kidogo tu. Hela yenyewe niliitoa kwenye posho ya kusimamia mtihani, inaniuma. Shida itakuwa nini?

#3 – Mchangiaji, fundi, Arusha mjini

Mwenye uzi umeandika vizuri ila hapo umeacha la muhimu kuliko yote, SSD. Miaka kumi niko kwenye hii kazi na katika mashine kumi za mtumba zinazoletwa hapa zinastaki, nyingi nikitoa hadi diski nikaweka SSD mteja anadhani nimembadilishia kompyuta. Umesema mwenyewe ni Dar na Kijenge. Sasa kwanini mtu ahangaike na kurasa wakati dawa ipo?

#4 – Mwenye uzi

Fundi sipingi, na mimi SSD niliiweka mwezi uliofuata, kuwasha kulikuwa dakika nne sasa hata chai haijamiminwa imeshafunguka. Ninachosema ni mtu ajue anatibu nini. Kama Committed ni 3 na RAM ni 4 na bado mashine nzito, hapo RAM mpya haitamsaidia, shida ni kufungua mafaili, aweke SSD. Kama Committed ni 7 na RAM ni 4, SSD itamfanya kijana awahi kurudi lakini bado anatumwa kutwa nzima. Huyo atafute RAM, au apunguze mzigo. Mwenye hela ya kimoja tu asome namba kwanza.

Mwalimu shikamoo, pole sana. Naomba ufungue ile sehemu ya Memory ukiwa na kazi zako za kawaida, unisomee: In use ngapi, Committed ngapi kwa ngapi, na chini kabisa kulia kuna mstari umeandikwa Hardware reserved, huo usiusahau.

#5 – Mchangiaji, Ngaramtoni

Wakuu mi niliona video mtu anasema zima hiyo pagefile ili kompyuta ilazimike kutumia RAM peke yake iwe haraka. Nina 8GB nikazima. Sasa programu ya kuhariri video inajifunga yenyewe inasema memori imeisha, lakini nikiangalia naona bado GB 2 ziko wazi. Inawezekanaje memori iishe na ipo?

#6 – Mwenye uzi

Irudishe leo hii chalii yangu. Ile namba ya kulia ya Committed ni RAM kujumlisha pagefile, ukiizima mpaka wako umerudi kuwa RAM peke yake. Na programu nyingi zinaomba nafasi kubwa ya akiba ambayo hazijaitumia bado, Windows inaihesabu kama ahadi hata kama haijaguswa, haikubali kuahidi kisichokuwepo. Kwahiyo ahadi zimefika mwisho na GB 2 za RAM bado hazijakaliwa na mtu. Ni kama ukumbi wa harusi, viti vitupu unaviona lakini kadi zote zimeshatolewa. Ipe Windows ijipangie yenyewe ukubwa wa hiyo faili, na kama una SSD iwe huko.

#7 – Mchangiaji, Moshi

Marahaba kaka. Nimesoma nikiwa shule, Word mbili, Excel ya matokeo na brauza kurasa nne. In use 2.9, Committed 4.8 kwa 6.6. Hardware reserved GB 4.6. Diski inafika 100 kila nikihama kutoka Word kwenda Excel.

#8 – Mchangiaji, fundi, Arusha mjini

Mwalimu ngoja kwanza. Hiyo 4.6 ndio hela yako ya posho, imekaa kwenye mashine lakini Windows haiigusi. Toa 8 kwa 4.6 unabaki na 3.4, ndio unayotumia. Nenda Settings, System, About, angalia mfumo wako ni wa biti 32 au 64. Nina uhakika utakuta 32 na prosesa ya 64.

Aliyekupigia windo alikuwekea ya biti 32. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296 tu, ni 4GB kamili haiongezeki, na katika hizo kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua za kwao, ndio maana unabaki na tatu na kitu. Ungeweka hata 16 ungeona vilevile. Wapo wenzetu wanawekaga 32 kwa kila mashine ya zamani wakiamini ni nyepesi. Kwa mashine ya 2GB unaweza kutetea hiyo hoja, kwa ya 8 ni kumnyima mtu mali yake, na inaniuma maana tunachafuliwa jina wote.

Habari mbaya ni kwamba hauwezi kuapdeti kutoka 32 kwenda 64 moja kwa moja, lazima kupiga upya. Hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na sio folda ya Documents tu, angalia Desktop na Downloads, walimu mnaweka vitu Desktop sana. Kama Windows yako ni halali na imesajiliwa kwenye hiyo mashine, ukiweka toleo lilelile la 64 itajitambua yenyewe.

#9 – Mchangiaji, Usa River

Samahanini kaka zangu, mimi laptopu yangu ni 2GB na sloti yake (pa kuchomeka RAM) ni moja tu. Niliambiwa flashi ya 16GB inaweza kugeuzwa RAM, ni kweli?

#10 – Mwenye uzi

Hapana dada yangu. Hiyo inaitwa ReadyBoost, ilikuja na Vista, inaifanya flashi itunze nakala ya mafaili ambayo hadi diski ingechelewa kuyaleta. Ni stoo ndogo ya karibu zaidi, meza inabaki ileile ya 2. Na ukiwa na SSD Windows yenyewe inaikataa maana haina faida. Usinunue flashi kwa ajili hiyo. Sloti moja sio mwisho, mara nyingi unaweza kutoa ile ya 2 ukaweka moja ya 4, fundi hapo juu atakuambia aina.

#11 – Mchangiaji, Tengeru

Dada wa Usa River ukikosa RAM jaribu Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Nina ya 2GB nimemwekea mdogo wangu Linux Mint ya Xfce na nimewasha zram, ni kubana vipande ndani ya RAM kabla ya kwenda diski. Anasoma PDF na kuandika bila shida. Ila ukiandika amri ya free -h kuangalia memori usiogope ile safu ya free, yake ilisoma MB 90 akaja mbio kuniambia imejaa. Angalia safu ya mwisho ya available, ilikuwa GB 1.1.

#12 – Mchangiaji, fundi, Arusha mjini

Dada kabla ya kununua chochote njoo na RAM yenyewe mkononi, au picha ya stika yake. Ya laptopu ni fupi ya desktopu ni ndefu. DDR3 na DDR4 (vizazi viwili vya RAM) haziingiliani, kile kikato cha katikati kiko sehemu tofauti, ikigoma kuingia usilazimishe. Na kwa laptopu kuna DDR3 yenye L mwishoni, inatumia volti 1.35 badala ya 1.5, nyingi zinazohitaji L ukiziwekea isiyo na L haziwaki, watu wanadhani wameua mashine. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi umeme uliobaki uishe, shika chuma ndio uiguse RAM. Vumbi letu la kiangazi nalo sio la mchezo, mashine ikipiga mlio haiwaki usikimbilie kununua, toa RAM, futa yale meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli taratibu, rudisha. Nimeokoa nyingi sana hivyo.

#13 – Mchangiaji, Njiro

Yangu imefungwa kila kitu, hakuna programu hata moja, na RAM inapanda tu siku nzima mpaka 90%. Nimejumlisha zote kwenye orodha hazifiki nusu.

#14 – Mwenye uzi

Palepale kwenye Memory chini kuna Non-paged pool. Hiyo ni ya moyo wa mfumo na draiva (programu zinazoendesha vifaa), haipelekwi diski kamwe na haionekani kwenye orodha ya programu. Kawaida ni MB mia kadhaa. Ikipita GB moja na inaendelea kupanda, kuna draiva inachukua hairudishi, mara nyingi ya mtandao au ya antivairasi. Anza na draiva ya Wi-Fi, ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako. Andika namba kila saa moja ulete hapa.

#15 – Mchangiaji, Njiro

Non-paged pool 2.7GB. Naanza na Wi-Fi sasa hivi.

#16 – Mchangiaji, Moshi

Ndugu zangu nimerudi. Jumamosi nimehamisha mafaili, na kweli Desktop ilikuwa na mitihani ya miaka minne ambayo ningeisahau. Kijana mmoja wa chuo hapa jirani kanisaidia kupiga Windows 10 ya biti 64, laptopu ni ya zamani, Windows 11 haikubali. Leo nimefungua kazi zilezile, Word mbili, Excel ya matokeo, kurasa nne. Hardware reserved MB 118. In use 3.7, Committed 4.9 kwa 9.2. Diski 2%. Nimehama Word kwenda Excel mara ishirini makusudi.

Nimekaa nikaangalia ile 118 muda mrefu. Mwalimu mwenzangu wa hesabu amekuja na laptopu yake, 8GB pia, kapigiwa windo na mtu yuleyule. Hardware reserved yake ni 4.7. Jumamosi ijayo tunaanza na yake, tumeshanunua diski ya nje ya kuchangia ofisi nzima.

#17 – Mchangiaji, Njiro

Draiva ya Wi-Fi imebadilishwa jana saa mbili usiku. Non-paged pool saa mbili MB 210, saa tatu 214, asubuhi hii 213. Haijapanda tena.